Sanamu ya Theluji na Suala la Kuyeyuka: Kitabu cha Raymond Briggs katika Historia ya Utanzu Wake

Kitabu cha Raymond Briggs kiitwacho The Snowman, kilichochapishwa nchini Uingereza mwaka 1978, aghalabu hutiwa katika kapu moja na hadithi za kuwaliwaza watoto msimu wa Krismasi. Uainishaji huu una kasoro mbili. Kwanza, hakuna Krismasi katika kitabu chenyewe: hakuna mti uliopambwa, hakuna zawadi, wala hakuna mzee mwenye ndevu nyeupe. Pili, kitabu hakimliwazi mtu. Mtoto anaamka asubuhi, anakimbilia uani, anakuta kofia na skafu juu ya kifundo cha theluji iliyoyeyuka. Hapo ndipo picha ya mwisho ilipo, na mtoto amechorwa akiwa ametupa kisogo. Msomaji hanyimwi tu faraja. Ananyimwa hata uso wa anayeomboleza.

Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, ni sharti kitabu hiki kirejeshwe katika historia ndefu ya visa vya viumbe wa theluji barani Ulaya. Kimsingi, historia hiyo ni historia ya swali moja: kiumbe huyu akishapewa uhai, nani abebe lawama ya kuyeyuka kwake?

Katika mkusanyiko wa nyimbo za Kilatini unaojulikana kwa jina la Nyimbo za Cambridge, ambao hati yake ni ya karne ya 11, limo simulizi la mfanyabiashara wa Konstanz aliyerudi safari akamkuta mkewe ana mtoto. Mke akadai kwamba alikula theluji mlimani kwa kiu, akashika mimba. Mume alinyamaza. Miaka ilipopita, alimchukua mtoto safarini, akamwuza ugenini, kisha akarudi na kumwambia mkewe kwamba jua lilikuwa kali na mtoto wa theluji akayeyuka. Hiki ni kichekesho cha watu wazima, na ukatili wake haufichiki. Uongo umelipwa kwa uongo, na aliyelipia ni mtoto. Yafaa ikumbukwe kwamba utanzu ambao leo unahesabiwa kuwa wa watoto una mizizi katika mzaha ambao mtoto ndiye bidhaa.

Karne ya 19 ndiyo iliyomfanya kiumbe wa theluji kuwa suala zito. Nathaniel Hawthorne wa Marekani, katika hadithi yake ya mwaka 1850 kuhusu sanamu ya theluji, aliwasawiri watoto wawili wanaomfinyanga msichana na kucheza naye. Baba yao, mfanyabiashara wa vyombo vya chuma na mtu wa akili timamu, anamhurumia mtoto wa watu aliye nje kwenye baridi. Anamburura hadi ndani, anamweka mbele ya jiko, na muda si muda kunabaki dimbwi la maji sakafuni. Kinyume na mfanyabiashara wa Konstanz, baba huyu hana hila. Anaua kwa wema. Shutuma ya Hawthorne inaelekezwa kwa ukarimu usiouliza mgeni anahitaji nini.

Hans Christian Andersen wa Denmark alilihamisha jiko kutoka mikononi mwa binadamu na kulitia ndani ya mtu wa theluji mwenyewe. Katika hadithi yake ya mwaka 1861, mtu wa theluji analiona jiko kupitia dirishani na kulipenda kwa mapenzi asiyoweza kuyaeleza. Masika inapofika anayeyuka, na ndipo inapobainika kwamba alijengwa juu ya chuma cha kusafishia jiko. Alitamani kitakachomwangamiza kwa sababu kilikuwa uti wa mgongo wake. Hapa lawama haina wa kuibeba ila maumbile. Ni hadithi chungu, na yamkini ndiyo iliyo karibu zaidi na Briggs kwa roho, ingawa kwa fani zimeachana kabisa: mtu wa theluji wa Andersen anasema sana, huku mbwa wa uani akimjibu kwa kejeli.

Warusi nao wana Snegurochka. Katika ngano, wazee wasio na mtoto wanamfinyanga binti wa theluji, naye anatoweka kiangazi anaporuka juu ya moto pamoja na wenzake. Ostrovsky aliifanya tamthilia mwaka 1873 na Rimsky-Korsakov akaifanya opera mwaka 1882. Humo, binti anayeyuka mara tu anapojaliwa uwezo wa kupenda. Katika miaka ya 1930, dola ya Kisovieti ilimpa binti huyohuyo kazi ya kuandamana na Babu Baridi kugawa zawadi za mwaka mpya. Aliyekuwa akifa kila kiangazi sasa hafi tena. Mhakiki hana budi kujiuliza ni kipi kilichopotea katika ajira hiyo.

Ulinganisho na simulizi za Kiafrika unafaa kuguswa hapa, japo kwa ufupi. Wachaga wameishi karne na karne chini ya theluji ya Kibo, lakini mtoto wa kuumbwa katika ngano yao mashuhuri hutokana na vibuyu. Mama mpweke anapata watoto wa kumsaidia kazi. Siku moja anajikwaa, anakasirika, anamwita mmoja wao kibuyu, na tusi hilo linamrudisha mtoto katika hali yake ya awali. Angamizo halitoki angani. Linatoka kinywani mwa mlezi, na kwa sababu hiyo lingeweza kuepukwa. Wala jua la ngano za Ulaya halina sikio la kuombwa radhi.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kibiashara. Wimbo wa Kimarekani kuhusu Frosty, uliorekodiwa na Gene Autry mwaka 1950 baada ya ufanisi wake na wimbo wa paa mwenye pua nyekundu mwaka 1949, ulimfanya mtu wa theluji aage akiahidi kurudi. Filamu ya televisheni ya mwaka 1969 ilikwenda mbali zaidi: Frosty anayeyuka katika banda la kioo la kukuzia mimea, msichana analia, kisha anafufuliwa. Kifo kimekubaliwa kwa dakika chache ili kifutwe. Mtindo huu ndio uliotawala Briggs alipoanza kuchora.

Briggs, aliyezaliwa mwaka 1934, hakuwa mgeni wa msiba. Wazazi wake wote wawili walifariki mwaka 1971, na mkewe mwaka 1973. Mwaka 1977 alikuwa ametoa kitabu kuhusu jitu la chini ya ardhi, kazi iliyosheheni uchafu na maneno mengi. Alieleza baadaye kwamba baada yake alitaka kitu safi, chepesi na kisicho na neno hata moja. Akaacha wino, akashika kalamu za rangi, ambazo mistari yake ni laini kana kwamba ukurasa wenyewe uko tayari kuyeyuka. Fani na maudhui hapa hazitenganiki.

Kiini cha kitabu si kuruka angani, jambo ambalo wengi hulikumbuka, bali ni ziara ya nyumbani inayolitangulia. Mtoto anamkaribisha mtu wa theluji ndani kwa adabu zote za mwenyeji, naye anavua kofia kwa adabu ya mgeni. Anaonyeshwa swichi ya taa, bomba la maji, meno ya bandia ya baba ndani ya glasi. Moto unamtisha, friza inamfurahisha, huku mtoto akitetemeka. Huu ni urafiki wa miili miwili ambayo kila mmoja hauwezi kustahimili makao ya mwenzake. Mtoto wa Briggs ana kile alichokikosa baba wa Hawthorne: anatazama mgeni anaumizwa na nini, na anamwondoa hapo. Hata hivyo mgeni anakufa. Hapo ndipo Briggs anapojitenga na watangulizi wake wote. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyetamani lililokatazwa. Asubuhi imefika, basi.

Filamu iliyoongozwa na Dianne Jackson na kuonyeshwa na stesheni ya Channel 4 tarehe 26 Desemba 1982 ilidumisha ukimya wa wahusika, ikaongeza muziki wa Howard Blake, na ikamleta Baba Krismasi. Katika kitabu, wawili hao huruka hadi gati la Brighton na kurudi. Katika filamu, hufika kaskazini ya mbali, ambako mtoto anapewa skafu. Asubuhi, mbele ya theluji iliyoyeyuka, anaipata skafu hiyo mfukoni. Badiliko hili ni dogo kwa umbo na kubwa kwa maana. Skafu ni ushahidi, na mwenye ushahidi hayuko katika hali sawa na asiye nao. Mtoto wa kitabuni hana cha kumwonyesha mtu. Briggs mwenyewe hakuficha kwamba hakuupenda uongezaji wa Krismasi, ingawa alikiri kwamba kwa watazamaji ulifaulu.

Inaweza kudaiwa kwamba mjadala huu haumhusu mtoto wa Kitui au wa Lamu, ambaye theluji kwake ni neno tu. Dai hilo lina ukweli nusu. Kiswahili kina barafu, neno la asili ya Kiajemi, na theluji, la asili ya Kiarabu. Yote mawili yalikuja kwa bahari ya joto, na matumizi ya kila siku yamelipendelea lile la kwanza, kwa kuwa barafu huuzwa na theluji haiuzwi. Lakini mtoto aliyenunua barafu ya kijiti mchana wa Januari anafahamu kuyeyuka vizuri zaidi ya mwenzake wa Sussex. Na kwa kuwa kitabu hakina maneno, hahitaji mfasiri wa kumwamulia ikiwa mwisho ule ni wa kutisha au la.

Mwaka 2012, kuadhimisha miaka 30 ya filamu, Channel 4 ilionyesha mwendelezo wenye mbwa wa theluji. Mtoto mwingine ameingia katika nyumba ileile, na baadaye anafiwa na mbwa wake. Mwishoni mbwa wa theluji anageuka kuwa mbwa wa nyama na damu, na anabaki. Watengenezaji wangeweza kumwokoa na mwenzake kwa uchawi uleule. Hawakumwokoa, asubuhi mtu wa theluji aliyeyuka tena, mahali palepale uani.