Ngao ya Gari, na Swali la Nani Alindwe

Katika vyombo vyote vinavyofungwa katika gari, bampa ndilo linalofanya kazi siku ambayo mambo yameharibika. Injini hufanya kazi kila safari, breki kila kona, taa kila usiku, bampa hungoja. Kwa hiyo mwenye gari husahau kwamba analo, mpaka atakapo kulipeleka gari lake porini, penye mawe, magogo, matope na wanyama. Hapo huanza kuliona bampa lililotoka kiwandani kuwa dhaifu, akataka kuling'oa na kufunga la chuma lililoundwa na fundi mwingine, lile ambalo wengi huliita ngao. Uchaguzi huo waonekana kuwa ni jambo la fedha na ugumu wa chuma tu. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba ni zaidi ya hivyo. Kila bampa katika historia lilikuwa jibu la swali moja, nalo ni hili: ajali ikitokea, nani alindwe?

Swali hilo lilizaliwa kabla ya gari lenyewe. Katika miaka ya 1830, reli zilipoanza kuenea katika Marekani, ng'ombe walikuwa wakikatiza njia na kuhatarisha treni. Isaac Dripps, fundi wa reli ya Camden na Amboy, aliunda chombo cha kufungwa mbele ya injini iliyoitwa John Bull, ili mnyama asukumwe kando asiingie chini ya magurudumu. Katika Uingereza, Charles Babbage, mtaalamu wa hesabu ambaye jina lake lahusishwa na mashine za kukokotoa, naye alipendekeza chombo cha namna hiyo katika miaka iyo hiyo. Jibu la mafundi hao lilikuwa wazi: alindwe abiria, na treni isitoke relini, ng'ombe ajitunze mwenyewe. Jibu hilo halikuwa na lawama kubwa, maana reli ni njia ya treni peke yake. Barabara si hivyo. Barabara ni ya gari, ya mkokoteni, ya mchungaji na kundi lake, ya mtoto aendaye shule. Fikira iliyozaliwa relini ilipohamia barabarani ilikuta watu.

Bampa la kwanza la gari linalokumbukwa lilifungwa mwaka 1897 katika gari lililoitwa Präsident, lililoundwa katika mji wa Nesselsdorf, Moravia, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya dola ya Austria na Hungaria. Lilikuwa pambo zaidi kuliko kinga. Mwaka 1905 Frederick Simms wa Uingereza alifunga katika gari lake mabampa ya mpira yenye hewa ndani, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba kinga yaweza kuwa laini. Fikira hiyo haikufuatwa upesi. Kwa miaka mingi watengenezaji walipendelea vyuma vilivyong'arishwa, vilivyopendeza machoni na kupinda kwa kishindo kidogo. Sheria ya Marekani iliingilia kati kwa magari ya mwaka 1973, ikitaka bampa la mbele listahimili kishindo cha mwendo wa maili 5 kwa saa; mwaka 1982 kipimo hicho kilishushwa kuwa maili 2.5. Lakini sheria hiyo ilihusu magari madogo ya abiria tu. Malori madogo na magari ya porini yaliachwa nje, na katika uwanja huo ulioachwa wazi biashara ya mabampa ya kubadilisha ilipata nafasi ya kukua.

Magari ya porini yalikuwa na historia yao. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, bampa lake lilikuwa upapi mnyofu wa chuma uliofungwa kwa bolti katika chasisi. Halikudai uzuri. Mtu aliweza kusukumia gogo, kufungia kamba, hata kulisimamia. Toyota nayo iliunda gari lake la namna hiyo mwaka 1951, na tangu mwaka 1954 likajulikana kwa jina la Land Cruiser. Magari haya mawili yalifika Australia, na huko yakakutana na kangaruu. Dume la kangaruu mwekundu laweza kufikia kilo 85, nalo hupenda kutoka machweo na usiku. Akigongwa, hupasua taa na rejeta. Katika mji, rejeta iliyopasuka ni hasara. Katika jangwa, mamia ya kilomita kutoka kisima kilicho karibu, ni hatari ya kifo. Kwa hiyo wakulima na mafundi wa huko walichomelea mabomba ya chuma mbele ya magari yao, na ufundi wa uani ukageuka kuwa kazi ya viwanda. Kampuni ya ARB, iliyoanzishwa karibu na Melbourne mwaka 1975, ni mojawapo ya zile zilizoieneza ngao hiyo duniani.

Afrika Mashariki iliifahamu ngao kwa njia nyingine pia. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally. Kwa miongo mingi yalipita katika barabara za kawaida ambazo hazikufungwa kwa ajili yake. Ng'ombe, pundamilia na punda walikuwa wapinzani wa dereva sawasawa na saa na matope, na vyuma vilivyofungwa mbele vikawa alama ya magari ya Safari. Vijana walioyatazama yakipita katika vumbi waliona ushujaa katika vyuma vile. Wengi walipopata magari yao wenyewe walitaka sura ile ile, ingawa safari zao zilikuwa za kutoka nyumbani kwenda ofisini. Hapo ngao ilianza kuvaliwa kama vazi.

Wakati ngao ikizidi kupendwa, elimu ya magari ilikuwa ikielekea upande mwingine. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alifundisha kwamba gari lililo gumu kote halimlindi aliyemo. Humpasia kishindo chote. Heri sehemu ya mbele ikunjike na kumeza kishindo, na chumba cha abiria kibaki imara. Fikira hiyo iliingia katika magari ya kampuni hiyo mwaka 1959, kisha ikaenea duniani. Baadaye ikaja mifuko ya hewa, ambayo Marekani iliilazimisha katika magari yote mapya ya abiria mwishoni mwa miaka ya 1990. Mifuko hiyo hutegemea vihisio vinavyopima jinsi gari linavyopunguza mwendo kwa ghafula. Ngao isiyoundwa kwa kuzingatia hayo yaweza kubadili jinsi kishindo kinavyosafiri, mfuko ukafumuka mapema, au ukachelewa. Hivyo mtu aweza kununua kinga kwa fedha nyingi, na kwa kinga hiyo akaiharibu kinga aliyouziwa pamoja na gari.

Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Chuma kilichokusudiwa kangaruu na ng'ombe hakina macho ya kutambua kilichosimama mbele yake. Bampa la plastiki lina nafasi tupu na vitu laini nyuma yake; likimgonga mtu, hubonyea. Bomba la chuma halibonyei, na katika gari refu bomba la juu hulingana na nyonga ya mtu mzima na kichwa cha mtoto. Maarifa hayo ndiyo yaliyozifanya nchi za Umoja wa Ulaya kupitisha agizo mwaka 2005 kwamba ngao za magari mepesi zipimwe kwa sanamu za mguu na za kichwa cha mtoto, na zisizofaulu zisiuzwe. Australia, yenye sababu nzito ya kuzitumia, haikuzikataza, bali mwaka 2002 ilitoa kanuni zinazotaka ngao ifuate umbo la gari na isiwe na ncha kali. India mwaka 2017 iliziagiza serikali za majimbo kuzichukulia hatua ngao zilizofungwa bila idhini. Pande tatu zimetoa majibu matatu, na swali lilikuwa moja.

Basi mtu atakaye kuchagua afanyeje? La kwanza, aitaje hatari yake kwa jina. Anayepita usiku katika nchi ya wanyama wakubwa ana haja ya ngao kamili. Anayepanda mawe ana haja ya bampa fupi lililokatwa pembeni, ili gurudumu liguse mwamba kabla ya chuma. Anayekwama matopeni ana haja ya mahali imara pa winchi na ndoano, palipoungwa na chasisi yenyewe. Asiyeweza kuitaja hatari yake huenda hana haja ya ngao.

La pili, apime uzito. Ngao ya chuma ya gari kubwa aghalabu hufikia kilo 50 hadi 70, na winchi huongeza 30 au 40. Mzigo huo hukaa mbele ya ekseli, hulaza springi, na huongeza kazi ya breki. Alumini, kwa ujazo ule ule, ina uzito wa theluthi moja hivi ya chuma; lakini chuma kilichopinda hunyoshwa na kuchomelewa na fundi wa kijijini, na alumini yataka fundi wa pekee. Akumbuke pia kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kishindo huzidi mara nne. Kupunguza mwendo wakati wa machweo ni kinga isiyo na uzito wala bei.

La tatu, achague ngao iliyoundwa kwa gari la namna yake na mwaka wake, na kupimwa pamoja na mifuko ya hewa. Asikubali ya kukisia kwa macho. La nne, aulize sheria ya nchi yake, na baada ya sheria aiulize dhamiri: gari hili hutembea wapi zaidi, porini au mbele ya lango la shule?

Mafundi wa reli walijibu kwamba alindwe aliyemo ndani, na njia ilikuwa yao. Dereva wa leo hana njia iliyo yake. Ngao iliyochaguliwa vema ni ile inayomrudisha mwenye gari nyumbani kutoka porini, kisha ikampitisha kijijini bila kumfanya kila atembeaye kwa miguu alipe gharama ya usalama wake.