Asubuhi Ileile: Historia Fupi ya Pambo katika Insha za Watoto

Anayezifahamu insha za shule za msingi za Kenya za enzi ya mtihani wa KCPE anaijua asubuhi yake. Majogoo wamewika, jua limechomoza mashariki, ndege wanatumbuiza, na msimulizi ameamka alfajiri na mapema. Mwizi akitokea, moyo unadunda, machozi yanatiririka njia mbili njia mbili, na mtoto anatimua mbio kama mshale, hata kisa kikiwa cha sebuleni. Wanaoyaona haya huwalaumu walimu: hawana ubunifu, wanakaririsha. Lawama hiyo, naona, imebisha mlango usio wake. Mazoea haya yana historia, tena si ya zamani sana, na aliyeyalea ni mtihani.

Mpaka 1984, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yaani CPE, haukuwa na Kiswahili. Mfumo wa 8-4-4, uliotokana na mapendekezo ya tume ya Mackay ya 1981, ndio uliolifanya somo hili kuwa la lazima na kulitahini katika KCPE kuanzia 1985. Walimu wa bara, wengi wao wasiokulia katika lugha hii, wakajikuta wanawaandaa watoto kuandika insha itakayosahihishwa na mtu wasiyemjua. Karatasi ya insha ilikuja kuwa ya dakika 40 na alama 40. Kwa muda huo mtoto wa miaka 13 au 14 atalitafuta wapi neno linalolingana na anachokisimulia? Na msahihishaji mwenye rundo mezani huona upesi zaidi kile kinachong'aa: methali, nahau, tashbihi. Hivyo pambo likapata soko. Orodha za misemo zikaandikwa kwenye manila na kubandikwa ukutani, zikanakiliwa daftarini, zikakaririwa kama jedwali la kuzidisha. Kamusi za methali na misemo, kama za Wallah bin Wallah na K. W. Wamitila, hazina kosa hapa. Zilitungwa ili mtu atafute maana, na kukaririsha kulikuwa uamuzi wa darasa lenye haraka.

Kilichopotea kinaonekana vizuri kwenye tanakali za sauti. Mzigo ukianguka chini, huanguka pu. Kitu kikianguka mchangani ni tifu, matopeni ni tapwi, majini ni chubwi. Anayetumia maneno haya amekwisha kuangalia kilichoangukiwa. Orodha ya ukutani ikimfundisha mtoto kwamba "anguka" huenda na "tifu", basi mhusika wake ataanguka tifu hata kwenye sakafu ya saruji, na pengine alama atapewa. Neno lililokuwa matokeo ya kutazama limegeuka kuwa njia ya kuepuka kutazama.

Mafunzo ya zamani hayakuwa hivyo, ingawa nayo yalitegemea sana kumbukumbu. Katika kutegana vitendawili, mtoto anayesema kwamba nyumba yake haina mlango anamlazimisha mwenziwe afikirie yai: umbo lake, ganda lake, ukosefu wake wa upenyo. Aliyeshindwa hutoa mji ndipo apewe jibu. Ngano nazo zilisimuliwa mbele ya watu, na msimulizi aliyechosha alijua papo hapo. Hata maandishi yalipoanza kufundishwa kwa vielelezo, kielelezo kilikuwa kazi nzima. Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, na jina lenyewe linatangaza nia: msomaji aone insha ilivyosimama.

Yuko atakayesema kwamba kuiga ndiyo shule ya kila fundi, na kwamba hata malenga huanza kwa kuhifadhi tungo za waliomtangulia. Ni kweli. Lakini anayehifadhi utenzi huhifadhi tukio, mizani na sababu ya kila neno kuwa pale lilipo. Anayehifadhi orodha hupewa neno lisilo na mahali. Pingamizi zito zaidi ni la mwalimu wa Turkana au Nyeri: watoto wangu hawana Kiswahili cha nyumbani, nisipowapa misemo wataandika nini? Huyu ana haki, na wakosoaji wa mjini humpuuza kirahisi mno. Mtoto asiye na msamiati hawezi kuchagua neno. Ila hoja yake inatetea kuwapa watoto maneno mengi; haitetei kuwapa maneno bila vitu vyake. Darasa likidondosha jiwe ndani ya karai la maji, kisha la mchanga, kisha la matope, litapata msamiati uleule kwa dakika 10, bila kamusi.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na mtaala wa umilisi umechukua nafasi yake. Nafasi ya kurekebisha ipo, lakini mtaala hausahihishi insha, husahihisha mwalimu. Mwalimu, ukikutana na tifu kwenye sakafu ya saruji, usiipe alama. Muulize mtoto alisikia nini.