Kioo cha Murano kilichopanda Kilimatinde mabegani

Wako watu duniani ambao ukiwatajia Italia hawamfikirii Papa wala Juventus. Wanafikiria kiti. Kile kiti cha Superleggera alichokibuni Gio Ponti na kampuni ya Cassina ikaanza kukiuza mwaka 1957, chepesi kiasi kwamba tangazo lake lilimwonyesha mtoto akikinyanyua kwa kidole. Au wanafikiria taa ya Arco ya mwaka 1962, kazi ya ndugu Achille na Pier Giacomo Castiglioni, yenye kitako cha marumaru na mkono mrefu uliopinda kama fimbo ya kuvulia samaki. Na wakishamaliza viti na taa wanahamia kwenye vyombo vya kioo vya Murano, kisiwa kidogo kando ya Venice. Hapo ndipo pesa huwatoka kwelikweli. Bakuli moja la Carlo Scarpa au la Ercole Barovier linaweza kununuliwa kwa bei ya nyumba nzuri tu Kimara.

Mimi sina ugomvi na wakusanyaji hawa. Mtu na hela yake. Nimesoma sana katalogi zao za minada, na picha zake nazipenda. Linalonikera ni moja: historia yao ya kioo cha Italia inaanzia Murano, inapita Milan na Paris, inaishia sebuleni kwa mtu New York. Kilimatinde haimo. Nami nasema Kilimatinde ilipaswa kuwemo, tena kurasa za mwanzo.

Msicheke. Kwa wasioifahamu, Kilimatinde ipo wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, juu kabisa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Ukisimama pale ukatazama mashariki, nchi ya Ugogo yote imelala chini yako, kavu na tambarare hadi macho yachoke. Wengi wetu tunapita na basi au treni bila kuijua, kwa sababu reli ya kati ilipojengwa ilipita Saranda na Manyoni, Kilimatinde ikaachwa pembeni. Leo watu wanaijua kwa hospitali yake ya Kianglikana. Lakini Wajerumani walipoweka boma lao pale miaka ya 1890 hawakuwa wamebahatisha. Njia kuu ya misafara, ile ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilipanda ukingo huu sehemu hizi. Nyuma yako Ugogo na hongo zake (ndiyo, hongo hii hii, wakati ule ilikuwa ushuru wa njia, halali kabisa, unaolipwa kwa mtemi). Mbele yako Mgunda Mkali, pori la siku nyingi lililokuwa na sifa ya kuua watu kwa kiu.

Sasa, mabegani mwa wale wapagazi kulikuwa na nini? Shuleni tulifundishwa kwamba pembe za ndovu zilishuka pwani, na vilivyopanda bara ni "nguo, shanga na nyaya". Nguo, shanga na nyaya! Maneno matatu tumeyakariri kwa ajili ya mtihani na hakuna mwalimu aliyesimama kidogo kwenye hilo la katikati akauliza: shanga gani? Zimetoka wapi?

Zilitoka Venice. Si zote, huko nyuma kabisa pwani yetu ilipata shanga za India, na baadaye Bohemia, Ucheki ya leo, ikaingia sokoni kwa nguvu. Lakini katika karne ya 19, wakati misafara ilipokuwa imepamba moto, sehemu kubwa ya mzigo wa ushanga uliopita njia hii ilikuwa kioo cha Kiitalia, kilichonunuliwa Unguja kwa frasila na kufungwa kwenye mizigo ya kilo 30 hivi kwa kila mpagazi. Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857 na kuvuka kwa njia ya Mdaburu, aliandika kwamba zilikuwapo aina zipatazo 400, kila moja na jina lake, thamani yake na mahali pake pa kutakiwa. Aina mia nne, ndugu zangu! Duka la vitenge Kariakoo halina hesabu hiyo.

Na majina yenyewe ni raha tupu. Nyeupe iliitwa merikani, jina lile lile la kitambaa cha Marekani, kwa hiyo kioo cha Italia kilitembea Ugogo kwa jina la Marekani. Nyeusi ni bubu. Ile kubwa kama yai la njiwa ni sungomaji. Sofi ilifanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Malkia wao alikuwa samsam, mwekundu kama marijani kwa nje, mweupe kwa ndani. Huyu alipewa na majina ya utani, moja lenye maana ya kwamba humaliza chakula ghalani na jingine kwamba huvunja mji. Maelezo ya Burton ni kwamba wanawake walimpenda hadi waume zao wakafilisika. Mimi naona waume walisingiziwa umaskini na ushanga, lakini tuliache.

Biashara hii haikutaka mzaha. Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, ilibidi ajifunze somo la shanga kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alinunua magunia 22, na alieleza wazi kwa nini alikuwa na hofu. Bubu, ule mweusi, ni fedha Ugogo, lakini ukiutoa kwa watu wengine ni uchafu tu. Samsam unapokelewa Unyamwezi, mahali ambapo aina nyingine zinakataliwa. Sungomaji unatakiwa Ujiji, kwingine wanakucheka. Ukikosea hesabu, msafara wako unalala njaa huku umebeba magunia ya kioo kizuri cha Venice.

Weka habari hiyo kwenye ramani uone inakuleta wapi. Chini ya ukingo, mweusi ndiyo pesa. Ng'ambo ya Mgunda Mkali, mwekundu ndiyo pesa. Katikati ni Kilimatinde na majirani zake. Pale mtu alihitaji kujua shanga za pande zote mbili, kama leo watu wa Namanga wanavyojua shilingi zote mbili bila kikokotoo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba babu zetu walidanganywa, wakatoa pembe wakapewa "vijishanga". Unyonyaji ulikuwapo na ulikuwa mkubwa, na njia hii hii ilishusha watumwa. Sibishani na Walter Rodney. Ninachokataa ni ile picha ya mtu asiyejua anachopokea. Mnunuzi wa Ugogo alijua rangi, alijua ukubwa, alijua kama kioo kina mng'ao au kimefifia, na kama hakikumpendeza alikirudisha. Habari za kukataa kwake zilishuka hadi Unguja, na kutoka Unguja zikavuka bahari kwa wauzaji wa jumla Ulaya. Wafanyabiashara kama Moses Lewin Levin wa London walikuwa na kadi za sampuli, shanga zimeshonwa kwa safu kulingana na matakwa ya soko la Afrika. Kadi zake zipo hadi leo Makumbusho ya Uingereza, London. Huko Murano fundi alikoroga rangi aliyoagizwa. Kwa lugha nyingine, mama mmoja wa Ugogo aliyesema "huu sitaki" alikuwa na sauti ndogo katika tanuri la Italia. Katalogi ya mnada inamtaja fundi, inamtaja na tajiri wa mwisho aliyemiliki bakuli. Huyu mama haimtaji.

Kuhusu huko Murano kwenyewe. Serikali ya Venice iliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe kisiwani humo mwaka 1291. Shanga ndogo zilitengenezwa hivi: fundi anachota donge la kioo cha moto lenye tundu katikati, mwenzake analishika upande wa pili, kisha wanatimua mbio, mmoja huku mwingine kule, kwenye ukumbi mrefu. Donge linavutika kuwa mrija mwembamba wa makumi ya mita, na tundu linabaki ndani yake. Mrija unakatwa vipande vidogo, vipande vinapashwa moto tena ili ncha ziwe butu. Ushanga umekwisha. Baadaye vilikwenda kwa wanawake maskini wa Venice walioitwa impiraresse, ambao kazi yao ilikuwa kutunga. Walikaa vibarazani na sinia la mbao mapajani, mkononi wameshika sindano nyingi ndefu zilizotandazwa kama upepeo, wakizichovya kwenye shanga siku nzima kwa ujira wa kijungujiko. Mwaka 1904 waligoma. Sijui kama kuna aliyewaambia wanawake wa Ugogo, nao mahodari wa kutunga, kwamba uzi ule wa kwanza kabisa ulipitishwa na mwanamke mwingine mwenye shida zake.

Na sasa sikilizeni hili, wapenzi wa mabakuli. Ushanga maarufu kuliko wote wa Murano, ule wa nyota wenye tabaka za bluu, nyeupe na nyekundu, kwa desturi huhusishwa na mwanamke, Marietta Barovier, mwishoni mwa karne ya 15. Ercole Barovier, yule wa mabakuli ya mnadani, aliyefariki mwaka 1974, ni wa ukoo huo huo. Ufundi wa kufunga fito za kioo pamoja, kuzikata vipande na kuviyeyusha viwe kitu kimoja, ule ambao Scarpa anasifiwa nao, ndio uliotengeneza shanga za maua zilizoletwa Afrika. Ukoo mmoja na tanuri moja. Kimoja kinaitwa sanaa, kingine kinauzwa kwenye mtandao kwa jina la "shanga za Kiafrika".

Mwisho wa ushanga kama fedha ulikuja haraka. Wajerumani walileta rupia, kisha mwaka 1898 wakaanza kutoza kodi ya kibanda, na boma halikutaka kujua uzuri wa samsam. Ukikosa rupia unafanya kazi. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, misafara ikafa. Shanga zikarudi shingoni, kiunoni na makaburini.

Na huko ndiko zinakotolewa sasa. Kijiji kimoja si mbali na Kilimatinde nilioneshwa kwa bibi mmoja mwenye shanga za zamani. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitika, marahaba mjukuu wangu, akaniuliza kwanza kama nimekuja kununua. Nikasema hapana, nimekuja kuangalia na kuuliza. Alishangaa, maana aliyenitangulia alikuja kununua na hakuuliza kitu. Alikuwa kijana wa mjini mwenye pikipiki, akachukua nyuzi mbili, akalipa fedha ya kutosha debe la mahindi.

"Jina langu hakulitaka," bibi akasema. "Alitaka kujua kama ninazo nyingine."

Uzi wa tatu alikuwa amemficha. Nilipoushika niliangalia matunduni kama nilivyosoma. Samsam wa karne ya 19 una moyo mweupe. Wa kale zaidi moyo wake ni wa kijani, na huo ndio wakusanyaji wanaoukimbilia. Wa bibi ni moyo mweupe. Lakini katikati ya wekundu wale, kila baada ya kumi au kumi na mbili, umetungwa ushanga mmoja mweusi, mfupi, usiong'aa. Nyekundu ya ng'ambo ya pori na nyeusi ya bondeni kwenye uzi mmoja. Ameupata kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, aliyeolewa hapa akitokea upande wa Itigi.

Mnunuzi wa pikipiki angeukata uzi huo, nyekundu aziweke kwao na nyeusi kwao, kwa sababu sokoni zinauzwa kwa rangi. Baada ya hapo hakuna profesa wala makumbusho yatakayojua kwamba ziliwahi kukaa pamoja.

Mtauliza sheria inasemaje. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na huwezi kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Vizuri. Ila ushanga hauna muhuri wa mwaka. Uliopita na Burton mwaka 1857 umo ndani ya sheria, uliopita na Stanley mwaka 1871 umeikosa kwa miaka minane, na wote wawili wanaingia kwenye mfuko mmoja wa shati.

Kiwanda kikubwa cha shanga ndogo Murano kilichoanzishwa mwaka 1898 kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo na huko zimekuwa kumbukumbu. Wao wanazo katalogi. Mimi nilichomoa karatasi kwenye daftari, nikaandika kwa herufi kubwa jina la bibi, la mama yake na la bibi yake, kijiji, idadi ya nyekundu na idadi ya nyeusi, na mpangilio wake. Bibi akanisahihisha mara mbili. Kisha akaikunja ile karatasi, akaitia pamoja na uzi kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunika.