Shindano la Mavazi ya Halloween katika Ofisi za Marekani

Tarehe 31 Oktoba, katika ofisi nyingi za Marekani, wahasibu huingia kazini wamevaa kama kalamu za rangi, wanasheria kama karata, na majaji hupita idara kwa idara wakitafuta mshindi. Desturi hii huhusishwa sana na Samhain, sikukuu ya kale ya Waselti ya kuingia majira ya baridi. Undugu upo, lakini ni wa mbali. Mzazi wa karibu wa shindano la ofisini ni kamati za miji ya Marekani zilizohangaika, yapata miaka 100 iliyopita, kuwatuliza vijana wao.

Sikukuu ya Watakatifu Wote, inayoangukia Novemba 1, ilienezwa katika milki ya Wafranki mwaka 835. Huko Ireland na Scotland mkesha wake ulichanganyika na mila za wenyeji. Vijana walificha nyuso, wakapita nyumba kwa nyumba wakikariri mashairi, wakapewa matofaa, njugu au sarafu. Taa walichonga kwa tunipu, mzizi mgumu usio mkubwa. Waairishi waliokimbia njaa kuu ya 1845 hadi 1852 walivuka bahari na mila hizo, sawa na Waskoti, na Marekani wakakuta boga, ambalo ni kubwa na halisumbui kisu.

Kilichostawi zaidi ugenini kilikuwa ukorofi. Wavulana waling'oa mageti, wakapindua vyoo vya nje na kufungulia ng'ombe wakazurura mjini. Mwaka 1920 mji wa Anoka, Minnesota, uliamua kuandaa gwaride ili vijana wawe na shughuli usiku huo. Miji mingine nayo ikaandaa sherehe zake, na vyama vya wafanyabiashara vikatoa zawadi kwa vazi bora. Hesabu yao ilikuwa rahisi: kijana anayesubiri jina lake litajwe jukwaani hana nafasi ya kupindua choo cha mtu. Majaji, zawadi na vazi la kushindania, vyote ambavyo ofisi zingevirithi, vilikwisha kuzoeleka humo.

Mavazi yenyewe yalishonwa nyumbani. Kampuni ya Dennison ya Massachusetts, iliyotengeneza karatasi za krepu, ilianza mwaka 1909 kuchapisha vijitabu vya kuwaelekeza watu namna ya kupamba na kuvaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili na mgawo wa sukari kwisha, siku hiyo ilikuwa hasa ya watoto na peremende. Watu wazima waliirudia kwa kishindo miaka ya 1970, hasa katika mitaa ya Greenwich Village, New York, na Castro, San Francisco. Waliokuwa watoto baada ya vita sasa walikuwa waajiriwa.

Ofisi nazo zilikuwa zimebadilika. Mwaka 1968 kampuni ya Herman Miller ilianza kuuza vizuizi vifupi vya kugawa ukumbi, vilivyobuniwa na Robert Propst. Vizuizi vya aina hiyo, vilivyofunikwa kitambaa, hupokea pini bila shida, na kila Oktoba hutundikwa popo wa karatasi na utando wa buibui wa pamba. Vazi la timu lina kanuni yake: kila mtu awe kipande cha kitu kimoja. Wahusika wa filamu ya *The Wizard of Oz* ya 1939 hufaa sana, yaani Dorothy, sanamu ya shambani, mtu wa bati na simba mwoga. Simba akiugua asubuhi hiyo, mzaha wote unayumba.

Zawadi kwa kawaida ni ndogo. Tamthilia ya *The Office* ililicheka jambo hilo mwaka 2010, wafanyakazi wakigombea kitabu cha kuponi. Hasara, hata hivyo, yaweza kuwa kubwa. Mwaka 2007, katika idara ya serikali ya uhamiaji na forodha, majaji akiwemo mkuu wake, Julie Myers, walimtunuku Mzungu aliyejipaka weusi, akavaa nywele bandia za rasta na sare ya mfungwa. Myers aliomba radhi, na Seneti ikachelewa kumthibitisha hadi Desemba. Waajiri wengi sasa hutuma masharti mapema: hakuna kudhihaki rangi wala dini, hakuna silaha bandia, na asiyetaka kushiriki, kama walivyo Mashahidi wa Yehova, asilazimishwe.