Wazee na meli za kitalii: Ya kuchunguza kabla ya kulipa

MZEE anayepania kuzuru ng'ambo kwa meli ya kitalii huvutiwa na picha za kumbi za maakuli, ilhali kinachoamua raha ya safari ni namna ya kushuka pwani. Kisiwani Santorini, Ugiriki, meli kubwa hutia nanga mbali na abiria hupelekwa kwa mashua hadi chini ya jabali. Mji wa Fira uko juu. Huko hufikiwa kwa vibanda vinavyovutwa kwa nyaya, kwa punda, au kwa ngazi zinazokaribia 600. Mwenye magoti mabovu hana budi kuuliza bandari za aina hiyo ni ngapi.

Mtoni Nile, baina ya Luxor na Aswan, mawimbi si hoja. Hata hivyo, vyombo hufungwa ubavu kwa ubavu, abiria wakapitia kimoja hadi kingine ndipo waguse nchi kavu, na Julai joto hupita nyuzi 40.

Baharini, chumba cha katikati, sitaha za chini, hutikisika kidogo zaidi. Bima nayo itaje waziwazi gharama za kumhamisha mgonjwa kwa ndege. Dawa zibebwe mkononi, kwani mizigo mikubwa hufikishwa vyumbani saa kadhaa baadaye.