Mti Uliotangazwa Kutoweka, Kisha Ukaonekana

Ukisoma kwamba mti fulani umetoweka duniani, unapata picha gani? Labda ya mtaalamu aliyehesabu misitu yote akakuta sifuri. Mara nyingi sivyo. Maana yake ni kwamba waliotafuta hawakuuona, na pengine waliotafuta walikuwa wachache mno. Tofauti hiyo si ndogo, na Erythrina schliebenii, mti wa pwani ya kusini mwa Tanzania, ni shahidi.

Ni mti wa jamii ya mikunde, yaani ndugu wa mbali wa maharage, wenye maua mekundu. Sayansi iliufahamu kwa sampuli zilizokusanywa mkoani Lindi miaka ya 1930 na Mjerumani Schlieben, ndiye aliyepewa heshima ya jina lake. Baada ya hapo, kimya. Miongo ikapita, na mwaka 1998 Orodha Nyekundu ya IUCN ikauweka kwenye kundi la viumbe waliotoweka.

Sasa sikiliza. Miaka 3 tu baadaye, 2001, ukaonekana ukiwa hai kwenye kipande kidogo cha msitu! Furaha haikudumu. Mwaka 2008 msitu ulifyekwa kupisha shamba la mimea ya kuzalisha mafuta, nishati inayosifiwa kuwa rafiki wa mazingira. Watu wakahofia kwamba safari hii umekwisha kweli. Lakini 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia msituni, wakaukuta tena, eneo la Kilwa. Miti iliyokomaa haikufika 50. Basi moja la Dar kwenda Lindi hubeba abiria wengi kuliko hiyo.

Kwa nini mti upotee na kupatikana hivi? Misitu yetu ya pwani ni vipande vipande vilivyotawanyika, na kuna mimea inayoishi kwenye kipande kimoja au viwili tu. Ukifyeka ekari chache, unaweza kumaliza historia ya spishi nzima bila hata kujua.

Kwa hiyo, siku ukiambiwa msitu fulani "ni pori tu, hamna kitu", uliza swali moja: nani aliingia kuangalia, na lini? Kilichoandikwa marehemu hakuna anayekilinda, hata kama bado kinatoa maua.