Kaharabu Hatuna, Lakini Ardhi Yetu Inakumbuka: Tuingie Makumbusho ya Lubumbashi

Huko Gdańsk, Poland, kuna makumbusho ya kaharabu. Kaharabu ni utomvu wa miti ya zamani sana uliogeuka jiwe, na mara nyingine mdudu amebaki ndani yake na mabawa yake kamili. Mtu wa Lubumbashi akisikia hivyo atauliza: na sisi kwetu tuna nini?

Kaharabu hatuna. Tuna mdogo wake, sandarusi. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, wanavijiji wa Équateur waliichimbua katika matope ya misitu ili wapate pesa za kodi, nayo ikapelekwa Ulaya kutengeneza vanishi. Pwani ya Tanzania pia waliichimba ardhini, ikapitia Zanzibar hadi Salem, Marekani. Sandarusi nayo hufunga wadudu, ila ni changa sana: kaharabu ya Baltiki ina zaidi ya miaka milioni 30.

Hapa Katanga tuna kitu cha zamani kuliko hivyo vyote. Waliofanya kazi Kolwezi, Kambove au Fungurume wanaujua ule mwamba mgumu wenye vitundu, ambao wajuzi wa mawe wanauita RSC. Shaba na kobalti hukaa chini yake na juu yake. Mwamba huo ulijengwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi katika bahari ya maji mafupi, tabaka juu ya tabaka kama mikate iliyopangwa. Jina la majengo hayo ni stromatoliti. Umri wake unapita miaka milioni 700. Wakati ule hapakuwa na samaki, wala mti, wala mdudu wa kuingia katika utomvu. Kila siku malori yanapita na mawe kama hayo, nasi tunaona shaba tu.

Sasa tuje mjini. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yapo karibu na jengo la 30 Juni, wanapokutana wabunge wa jimbo. Yalianza mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville. Utajiri wake mkubwa si wadudu wala mawe, ni kumbukumbu ya watu.

Simameni mbele ya vyungu vya Sanga. Sanga iko kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba anapopita Lualaba. Mwaka 1957 na 1958, Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walichimbua makaburi huko. Miaka ya 1970 akafuata Pierre de Maret. Walikuta watu waliozikwa tangu karne ya 8 na kuendelea, pamoja na vyungu, mashoka ya chuma na mapambo ya shaba. Watoto walizikwa na vyungu vidogo. Mzazi wa karne ya 10 hakuandika barua, lakini chungu kile kinaeleza alivyompenda mtoto wake.

Shaba ile haikutoka Upemba. Ilitoka huku kusini, kwenye milima yetu ya malakiti, ikasafiri mamia ya kilometa. Kauri zilizokutwa makaburini zilitoka mbali zaidi, Bahari ya Hindi. Baadaye ikaja misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa. Misalaba hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Kwa hiyo anayesema kwamba biashara na ufundi wa chuma na shaba vililetwa hapa na Union Minière mwaka 1906, amechelewa karibu miaka elfu moja.

Lakini machimbo yanayofunua ndiyo pia yanayofuta. Tuangalie jirani zetu Zambia. Mwaka 1921, katika mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe, mchimbaji mmoja alikuta fuvu la binadamu wa kale, la miaka karibu 300,000. Fuvu lilipelekwa London, na hadi leo Zambia inalidai. Kilima lilimotoka kikachimbwa chote. Hakuna tena mahali pa kurudi kuuliza: aliishi na nani, alikula nini?

Jambo hili linawagusa zaidi ndugu zetu wahami. Jamaa waliokimbia Mitwaba, Pweto au Manono, na waliotoka Kivu, wameacha mashamba, makaburi na vitu vya wazee. Mtoto aliyezaliwa hapa mjini anasikia jina la kijiji cha babu yake bila kukiona. Mtoto wa Upemba aonyeshwe chungu cha Sanga, aambiwe: hiki kimetoka kwenu. Mtoto wa Kivu ajue kwamba huko Ishango, Semliki inapotoka ziwa Edward, Jean de Heinzelin alipata mwaka 1950 mfupa wenye alama zilizochorwa kwa mpangilio, wa miaka karibu 20,000. Mfupa wenyewe uko Brussels, lakini habari yake hakuna wa kuifunga kabatini. Vita vinamnyang'anya mtu nyumba. Visimnyang'anye na asili yake.

Kwa wachimbaji wa mkono na wenye viwanja tunaomba hivi: ukikuta chungu, msalaba wa shaba, mifupa au jiwe lenye umbo la kiumbe, usilivunje na usiliuze njiani. Kitu kikiondolewa mahali pake, nusu ya habari yake imekwisha kufa. Liache lilivyo, mjulishe chifu, kisha habari ifike makumbusho au Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Na wewe mwalimu, makumbusho hayako mbali. Wapeleke wanamasomo wako, wale wa mjini na wale wahami, pamoja.